Mzigo Uliobaki Upande wa Pili

Hofu ilimkuta Injinia na taulo kichwani. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, ametoka kuoga, akaketi kwenye meza ya chakula na kompyuta ya ofisi ili aibe kazi yake mwenyewe. Usimhukumu, ndivyo wafanyavyo wote. Ukipewa jengo jipya la kupigia hesabu na unalo la zamani linalofanana nalo, unafungua la zamani, unanakili nguzo na boriti, unarekebisha vipimo, kisha Jumatatu unamwambia bosi kazi imekutoa jasho.

Jengo la zamani lilikuwa kiwanda kidogo cha uchapaji, cha ghorofa moja. Chini kulikuwa na mashine na meza za wajalidi, wale wanaoshona vitabu na kuvitia majalada. Juu, upande mmoja kulikuwa ghala la karatasi, upande wa pili ofisi ya mwenye kiwanda, ambaye watu walimwita Tajiri, hata wale waliokuwa na hela kumzidi. Sakafu yote ya juu ilikuwa bamba moja la zege, toka ukuta hadi ukuta.

Jengo likafunguka kwenye skrini likiwa safi, kama alivyoliacha, bila mishale. Mishale ndiyo mizigo. Programu huonyesha kila mzigo unaokaa juu ya sakafu kwa mishale midogo inayotazama chini, na ikiwa mingi skrini hugeuka mgongo wa nungunungu, ndiyo maana Injinia alikuwa na tabia ya kuizima. Sasa alitaka kukumbuka ghala lile alilipa uzito gani. Akaiwasha.

Mishale ya ghala haikuwa ghalani. Ilikuwa imejipanga vizuri, mraba mzima usio na dosari, juu ya ofisi ya Tajiri.

Kwanza alidhani amekaa vibaya yeye. Akalizungusha jengo, akalitazama kwa juu, kwa ubavuni, kwa chini kama panya. Mishale haikuhama. Ndipo akakumbuka, na maji ya nywele yakaanza kumshuka mgongoni bila yeye kuyafuta.

Katika ramani ya kwanza ghala lilikuwa upande wa barabara. Tajiri akakataa, alitaka ofisi yake ndiyo itazame barabara, aone gari lake na gari lake limwone. Mchoraji akaigeuza ramani kama mtu anavyogeuza soksi. Injinia naye akachagua kila alichokiona kwenye skrini, nguzo, boriti, sakafu, ngazi, akaiamuru programu igeuze kulia kuwa kushoto. Ikageuza. Lakini mzigo wa eneo, ule unaouchora juu ya kipande kimoja tu cha sakafu, haujashonwa kwenye sakafu yenyewe. Unaning'inia hewani kwa vipimo vyake, na programu huudondosha juu ya chochote kilicho chini yake. Siku ile mishale ilikuwa imezimwa, kwa hiyo haikuchaguliwa. Nyumba nzima ilihama, mzigo ukaachwa palepale.

Akausukuma hadi ghalani, mahali pake pa haki, akaiambia programu ipige hesabu upya. Rangi ya buluu maana yake sakafu imelala usingizi. Kijani, inafanya kazi. Njano, inalalamika. Ghala lote likaja jekundu, na katikati jekundu lile lilikuwa zito mpaka linaelekea weusi.

Tumaini lilikuwa moja, kwamba mafundi hawafuati michoro. Akafungua picha za siku ya kumwaga zege. Chini ya ofisi ya Tajiri nondo zilikuwa nene, zimebanana kama mkeka. Upande wa ghala zilikuwa nyembamba, zimeachana, za sakafu ya chumba cha kulala. Mkandarasi yule, aliyewahi kukosea mpaka mlango wa choo, safari hii alikuwa ametii kila mstari.

Ghala lilikuwa limesimama hadi leo kwa sababu moja tu: lilikuwa halijawahi kujaa. Lakini Tajiri alikuwa amepata kazi ya vitabu vya shule, na leo lori la karatasi lilikuwa linakuja. Aliyemwambia habari hiyo ni mumewe, asubuhi, huku akitafuta soksi, akicheka kwamba wataipanga karatasi mpaka panya wakose pa kupita. Mumewe alikuwa mjalidi pale. Meza yake ilikuwa chini ya ghala.

*

Alipiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Mjalidi hapokei simu akiwa na sindano mkononi. Mara ngapi amemsifu kwa hilo mbele ya wageni.

Mama mkwe wake alikuwa dirishani akishona kifungo cha sare ya mjukuu. Alikuwa mwanamke asiyeuliza jambo ambalo angeweza kulipata kwa kukaa kimya, na alikaa kimya hadi simu ya nne. Kisha akauliza mwanawe anatafutwa kwa dharura gani, naye ameondoka sasa hivi tu na chai yake tumboni.

Injinia alijaribu kueleza. Alianza na ramani, akaenda kwenye mishale, akarudi kwenye soksi. Mama mkwe akaweka kifungo chini.

"Mimi hiyo mishale siijui," akasema. "Niambie hivi. Mwanangu amekaa chini ya kosa lako?"

"Ndiyo, mama."

"Basi unangoja nini, nywele zikauke?"

*

Alimpigia bosi wake akiwa njiani, anatembea nusu anakimbia, kompyuta imekumbatiwa kifuani kama mtoto mwenye homa. Bosi alikuwa mzee mpole, mwenye sauti ya mtu anayekula vizuri. Michoro yote ya ofisi ilitoka na sahihi yake, na hiyo ya kiwanda pia. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

Kisha akamwita binti yangu. Akamkumbusha kwamba zege lina akiba, kwamba kila namba wanayoandika wameiongezea mara moja na nusu, kwamba yeye amejenga tangu binti yangu hajazaliwa na hajaona sakafu ikidondoka kwa sababu ya makaratasi. Jumatatu watakaa, wataliangalia kwa utulivu, kama ni kuongeza nguzo wataongeza, na mteja ataambiwa ni huduma ya bure.

"Lori linashusha leo, mzee."

"Jumatatu," akasema bosi. "Na ukifungua mdomo pale leo, Jumatatu usije."

Ubaya wa maneno yale ni kwamba nusu yake ilikuwa kweli. Akiba ipo. Huenda sakafu ikabeba. Huenda ikabeba mwezi, au mwaka, watu wakaizoea, kisha mtu mmoja akapandisha robota moja la karatasi akiwa anapiga mluzi. Injinia aliogopa itadondoka, na aibu iliyoje, aliogopa pia isipodondoka: aende akapige kelele mbele za watu, apoteze kazi, halafu sakafu ikae pale miaka mingi ikimcheka. Alipunguza mwendo kidogo alipolifikiria hilo. Nalisema kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha baadaye. Alipunguza, kisha akakimbia kweli.

*

Langoni mlinzi aliinua mkono. Alimtazama nywele, akatazama viatu, ambavyo kila kimoja kilikuwa cha jozi tofauti, akatabasamu kama mtu aliyeona mambo haya mara nyingi.

"Wake za watu wakija hapa namna hii huwa wamesikia jambo," akasema. "Mwache amalize zamu, shemeji. Mkapigane nyumbani."

"Nimekuja kwa ajili ya sakafu."

"Sakafu," akarudia mlinzi taratibu, kama aliyetajiwa mwanamke asiyemfahamu.

Nyuma yake lori lilikuwa limefunguliwa na limebaki nusu. Vibarua walikuwa wanapanda ngazi na marobota mabegani, wanashuka mikono mitupu, na kila waliporudi juu Injinia alisikia kishindo. Hakubishana zaidi. Alipita chini ya mkono wa mlinzi, kwa unyenyekevu uleule ambao mtoto hupita nao chini ya meza.

Ndani kulikuwa na kelele za mashine na harufu ya gundi. Mumewe aliinua macho, akaona taulo, maana lilikuwa bado begani na mwenyewe hakujua. Sura yake ikabadilika haraka mara mbili. Kwanza alidhani mtoto amepatwa na jambo. Alipoona si hivyo, akaona wenzake wanamtazama.

Mwanamke mmoja wa meza ya majalada, waliyemwita Mama Gundi, akapaza sauti kuuliza kama shemeji ameleta taulo kwa sababu kuna mtu anakwenda kuogeshwa. Meza zote zikacheka. Mume naye alicheka, lakini kwa midomo tu, akamvuta mkewe pembeni na kumwuliza kwa sauti ya chini kama ni jiko tena. Maana Injinia huyu aliwahi kumtoa kazini kwenda kuangalia jiko lililokuwa limezimwa, na soketi iliyokuwa salama, na hadithi zote mbili zilikuwa zimeshajulikana hadi kwa mlinzi.

"Si jiko," akasema. "Toka hapa. Watoe na wenzako."

Kishindo kikasikika juu. Vumbi jepesi jeupe likashuka likatua kwenye jalada alilokuwa akilishona. Mume akalipuliza bila hata kuliangalia, kama mtu anayefukuza nzi, na Injinia akatambua kwamba amekuwa akilipuliza hivyo kwa muda mrefu.

Akachukua ufagio wa mti mrefu uliokuwa ukutani, akapanda juu ya meza ya mumewe na viatu vyake, kati ya vitabu vya watu, akasukuma kipande cha dari ya jipsamu. Kikainuka. Akakisogeza. Juu yake, kwenye tumbo la zege, palikuwa na ufa unaotoka gizani na kuingia gizani, na mwingine ukiukata, na mingine myembamba kama nywele. Zege lenyewe halikuwa limenyooka. Lilikuwa limebonyea katikati, kidogo tu, kama godoro ambalo mtu ametoka kulalia.

Hakuna aliyecheka sasa, ila mashine ziliendelea.

*

Tajiri alishuka ngazi akiuliza nani ameamuru vibarua wasimame. Hakuna aliyewaamuru, walikuwa wamesimama wenyewe, wanachungulia. Aliona ufagio, akaona viatu juu ya meza, akamtambua. Alimkumbuka kwa jina la ofisi yake, kama mmoja wa wale waliokula hela yake ya ramani.

Injinia alimweleza akiwa bado juu ya meza. Alisema hesabu za sakafu ile zilikosewa. Alisema aliyekosea ni yeye. Neno hilo alilisema kwa sauti ya kawaida, na ajabu ni kwamba kila mtu alilisikia licha ya kelele za mashine, mpaka mlinzi mlangoni. Mumewe aliinamisha kichwa akatazama sindano yake.

Tajiri hakuwa mjinga. Akampigia bosi, akaweka simu kwenye spika ili kila mtu asikie. Sauti ile iliyoshiba ikatoka vizuri sana. Ikasema kwamba nyufa ndogo ni kawaida kwa zege changa. Ikasema pia, kwa masikitiko, kwamba binti huyu siku za karibuni amekuwa na msongo, ofisi inalijua hilo, wanampangia likizo.

"Umesikia mkubwa wako," akasema Tajiri. "Nani nimwamini, yeye aliyetia sahihi, au wewe uliyekuja na taulo?"

Injinia alitafuta jibu, akapata namba tupu: kilo kwa mita ya mraba, unene, nondo. Hakuna hata moja ambayo ingemtoa mtu kwenye kiti. Akamtazama mumewe. Aliogopa kumwomba, kwa sababu kumwomba ni kumwambia achague kati ya kazi na mke mbele ya mwajiri.

Mume akachomeka sindano kwenye ukosi wa shati. Akamsaidia mkewe kushuka mezani. Kisha akawageukia wenzake, na alipozungumza ilikuwa kwa sauti ileile ya kusimulia vichekesho vya jiko.

"Mke wangu anaogopa jiko. Anaogopa soketi, anaogopa mbwa wa jirani, na mbwa mwenyewe hana meno. Lakini hizo zote huziogopa nyumbani. Mbele za watu sijawahi kumwona anaogopa. Mimi natoka."

Akatoka. Mama Gundi akafunika kopo lake la gundi, maana gundi iliyoachwa wazi hukauka hata kama dunia inaanguka, akafuata. Baada yake wakafuata wote, na mashine zikazimwa moja moja, hadi Tajiri akabaki peke yake chini ya ule ufa na simu inayoita halo, halo. Aliinua macho juu. Naye akatoka, si kwa kukimbia, lakini pia si kwa kuchelewa.

*

Uani wingu lilikuwa limekuwa jeusi. Hapo ndipo Tajiri alipopata kigugumizi cha kweli. Karatasi ghalani haitakiwi, chini kuna mashine, nje mvua inakuja, na karatasi iliyonyeshewa ni takataka yenye uzito. Alimgeukia Injinia kama mtu anayemgeukia mwizi kumwuliza njia. Akamwambia basi aseme yeye, kwa kuwa amekuja kumfilisi, karatasi azipeleke wapi.

Injinia alikuwa amefungua kompyuta juu ya pipa la maji. Alizitazama picha za nondo zile nene zilizobanana.

"Ofisini kwako," akasema.

Mama Gundi alikohoa kuficha jambo. Injinia akaeleza, safari hii kwa kifupi, kwamba chuma cha ghala kipo, kilinunuliwa na kikafungwa. Kipo chini ya sofa la Tajiri. Kwa muda wote huo Tajiri alikuwa amekaa na meza yake, kalenda yake na jagi lake la maji juu ya sakafu iliyotengenezwa kubeba shehena nzima.

Alikataa. Akataja wageni wake, zulia, dirisha la barabara. Tone la kwanza la mvua likamdondokea kwenye paji la uso, la pili likadondoka kwenye robota lililokuwa wazi ndani ya lori. Akasema watoe sofa.

Kulihamisha ghala ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Injinia alisimama mlangoni mwa ghala, mguu mmoja kwenye boriti, akiwaita vibarua mmoja mmoja, akiwataka wapite kando ya ukuta tu, wasikanyage katikati, waanze na marobota ya katikati kwa kuyavuta, wasidondoshe. Kila kibarua alipoingia Injinia aliacha kupumua, akarudishiwa pumzi kibarua alipotoka. Wao walimtania kwamba anawapitisha kama watu wanaomwibia mama mwenye nyumba aliyelala. Lakini walipita ukutani, na walinyata.

Simu yake ililia mfukoni. Ujumbe ulikuwa mfupi: Jumatatu arudishe kompyuta na ufunguo, mlinzi wa ofisi atavipokea. Alisoma, akaita kibarua anayefuata.

*

Chumba cha Tajiri kilipokuwa kitupu, marobota yakiwa yamepangwa kwenye ukumbi ulio kati ya ghala na ofisi, juu ya boriti, yakisubiri kuingizwa, Tajiri alimzuia kibarua wa kwanza kwa mkono. Chini ya chumba kile, akasema, kuna mtambo wake wa kukatia karatasi, na watu wake wa mtambo. Sauti yake haikuwa ya dharau tena. Ilikuwa ya mtu aliyeogopa na hataki ijulikane.

"Asubuhi ulisema hesabu zako zilikuwa mbovu," akasema. "Hizi za sasa nitajuaje?"

Injinia akataka kusema programu imeonyesha kijani. Akakumbuka kwamba programu ilikuwa imeonyesha kijani siku zote. Ilifanya kila ilichoambiwa. Mumewe alikuwa ngazini na robota begani, anamtazama.

Basi alishuka. Akapita katikati ya wajalidi waliokuwa wamejikinga mvua mlangoni, akaingia chumba cha mtambo, akasukuma kipande cha dari kwa ufagio, kisha cha pili, hadi zege likawa wazi. Lilikuwa limenyooka. Akavuta kigoda cha mkata karatasi akakiweka katikati kabisa, pale ambapo kwenye skrini mishale ilikuwa imesongamana zaidi, akakaa, mikono juu ya magoti. Akapaza sauti kwamba waanze.

Kishindo cha kwanza kilimfanya afumbe macho. Aliyafumbua kwa nguvu, kwa sababu aliyekaa pale alitakiwa kutazama juu. Cha pili. Cha tatu. Alijaribu kuvihesabu akashindwa. Alisikia mvua, na vibarua wakisemezana juu yake, na kila robota alilisikia kwanza likiachwa na bega, kisha ule ukimya mfupi, kisha likitua. Ukimya ndio ulikuwa mbaya. Alipiga hesabu upya kichwani, tangu mwanzo, mita kwa mita, na kila alipofika mwisho hakuiamini, akaanza tena. Wajalidi walikuwa wamejazana mlangoni. Mama Gundi alimwuliza kama anataka maji, akatikisa kichwa bila kushusha macho.

Mumewe alishuka kubeba jingine. Alisimama mlangoni, akamwona pale katikati, mdogo, ameinua uso kama mtu anayetiwa dawa ya macho. Hakwenda kwenye lori. Alichukua kigoda cha pili, akakiweka kando ya chake, akakaa hata magoti yakagusana, naye akainua uso.

"Rudi nje," akasema Injinia.

"Nimechoka kubeba."

"Sina uhakika."

"Najua," akasema mumewe.

Juu robota likaachwa na bega. Wakalisubiri.